Vimiminika Viwili Ndani ya Metali Moja?

Mwaka 2007 watafiti watatu, Way, Wadhwa na Busch, walichapisha vipimo vya mnato wa aloi iliyoyeyushwa, na tangu hapo watu wa metali hawajaafikiana. Aloi yenyewe ni Vitreloy 1. Kwa hesabu ya atomu, zirkoni ni asilimia 41.2, berili 22.5, titani 13.8, shaba 12.5 na nikeli 10. Peker na Johnson waliitambulisha mwaka 1993 wakiwa Caltech, Marekani, na sifa iliyoipa jina ni hii: ukiiyeyusha ukaiacha ipoe taratibu, hata kwa digrii moja au mbili hivi kwa sekunde, atomu zake hazijipangi safu kwa safu kama ilivyo kawaida ya metali. Zinakwama katika mvurugo ule ule wa kimiminika, na kinachotoka kwenye kalibu ni kioo cha metali. Hakipitishi mwanga, lakini ndani yake hakuna fuwele hata moja.

Way na wenzake waliikoroga ikiwa imeyeyuka, wakapima ukinzani wake. Ikiwa ndiyo kwanza imeyeyuka, karibu na kelvini 1000, ilikuwa nzito kuliko metali za kawaida kwa maelfu ya mara. Walipoipasha kupita takriban kelvini 1200, mnato ukaporomoka karibu mara mia. Walipoipoza tena, haikurudi kwa njia iliyoendea: ilibaki nyepesi hadi chini zaidi kuliko pale ilipokuwa nzito mwanzoni.

Wapo wanaosema kwamba hapo aloi imetoka kwenye kimiminika cha namna moja ikaingia kwenye kimiminika cha namna nyingine, kama vile barafu inavyogeuka kuwa maji, ila pande zote mbili ni vimiminika. Wapo wanaosema hayo ni makombo yasiyoyeyuka na uchafu wa oksijeni, wala hakuna la kushangaa. Hoja za pande hizo nimezitia vinywani mwa watu wawili wa kubuni. Mwalimu ni mama aliyefundisha fizikia ya maada maisha yake yote. Fundi ni mhandisi wa kusubu metali, umri wa kuwa mwanawe. Watu ni wa kubuni, hoja si za kubuni. Mimi nitaingia pale ninapoona jambo linastahili kusemwa na asiye na upande, ingawa mwishoni nina upande.

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Najua umekuja na oksijeni.

FUNDI: Nimekuja nayo. Zirkoni na oksijeni hazitengani. Ukiyeyusha aloi yenye zirkoni kwenye chungu chochote, hata ukiwa umeondoa hewa, oksijeni kidogo itaingia, na kidogo hicho kinatosha kuzaa punje ndogo zisizoyeyuka kwa joto la kawaida la tanuru. Sasa fikiria kimiminika chenye punje hizo. Kitakuwa kizito. Ukikikoroga haraka zaidi kitalegea, kwa sababu punje zinajipanga kufuata mkorogo. Ukikipasha moto mkali punje zinayeyuka, mnato unaanguka. Ukikipoza, punje hazirudi mara moja, kwa hiyo kinabaki chepesi. Nimeeleza vipimo vyote vya mwaka 2007, Mwalimu, na sijataja kimiminika cha pili.

MWALIMU: Umeeleza vizuri. Hata ule ulegevu wa kukorogwa umeukumbuka, nao walioupima waliutangaza wenyewe.

FUNDI: Sikuishia hapo. Mwaka 2004 Mukherjee na wenzake walionyesha kwamba aloi hizi za zirkoni zina kizingiti cha kupashwa. Ukiishia chini ya kizingiti, zikipozwa fuwele huota mapema. Ukikivuka, muda wa kusubiri kabla ya fuwele kuota unarefuka sana. Kwetu sisi wa kalibu hiyo ina maana moja: kulikuwa na mbegu za fuwele, na moto umeziua.

MWALIMU: Au kulikuwa na kimiminika chenye mpangilio unaokaribia ule wa fuwele, na moto umekivuruga. Kizingiti hicho hicho kinasomeka kwa namna zote mbili. Ndiyo maana watu waliondoa chungu.

Hapa nieleze maana ya kuondoa chungu, kwa sababu ndicho kiini cha ushahidi wote uliofuata. Tone la aloi lenye kipenyo cha milimita mbili au tatu huwekwa kati ya sahani mbili za umeme ndani ya ombwe. Linapewa chaji, na sahani zinalishika hewani pasipo hewa, bila kugusa kitu. Kompyuta inafuatilia mahali lilipo na kurekebisha volti mara nyingi kwa sekunde, maana likiteleza kidogo tu litaangukia sahani na jaribio limekwisha. Leza inalipasha mpaka linang'aa kwa weupe wa rangi ya machungwa, tufe kamili, kwa kuwa kimiminika kisichoguswa na kitu hujikunja chenyewe. Leza ikizimwa linapoa kwa kumeremeta tu, na kipimajoto cha mbali kinasoma mwanga wake. Kama fuwele zikianza kuota, tone linawaka ghafla tena, kwa sababu kujipanga kwa atomu kunatoa joto. Mtu aliyelitazama hilo hahitaji kuambiwa maana ya joto fiche.

MWALIMU: Mwaka 2013 Wei, Busch na wenzao walichapisha walichokiona kwa tone la Vitreloy 1 linaloelea namna hiyo. Walilipitishia eksirei za sinkrotroni likiwa linapoa na likiwa linapashwa. Waliona mambo matatu. Kwanza, uwezo wa kimiminika kumeza joto ulipanda ukafika kilele, kisha ukashuka. Kimiminika kinachobadilika taratibu hakina sababu ya kuwa na kilele. Pili, mchoro wa eksirei ulibadilika, maana yake majirani wa kila atomu walijipanga upya. Tatu, badiliko lilitokea wakati wa kupoa na likajirudia kinyume wakati wa kupashwa, kwenye halijoto ya juu zaidi. Hakuna chungu cha kulaumiwa hapo, baba.

FUNDI: Na fuwele ndogo mno, ambazo eksirei hazizioni?

MWALIMU: Fuwele hujitangaza kwa vilele vyembamba vikali katika mchoro. Kimiminika hutoa mawimbi mapana yaliyolegea. Walichokiona ni mapana. Ukisema kuna fuwele chache mno kiasi cha kutoonekana, basi niambie fuwele chache hivyo zinawezaje kubadilisha mnato wa tone zima mara mia.

FUNDI: Hiyo nakupa.

Nimefurahi Fundi amekubali mapema, kwa sababu mabishano mengi ya sayansi hii hukwama hapo hapo. Yako yaliyokwama miaka. Kuna kimiminika cha kikaboni kiitwacho trifenili fosfaiti: wakati watafiti kama Tanaka wa Tokyo walipodai kwamba kinageuka kuwa kimiminika cha pili, wengine walishikilia kuwa kilichozaliwa ni fuwele ndogo zilizojificha. Kwa maji hali ilikuwa kali zaidi. Poole, Sciortino, Essmann na Stanley walipendekeza mwaka 1992 kwamba maji yaliyopozwa mno yana sura mbili. Mwaka 2011 Limmer na Chandler wa Berkeley walisema kinachoonekana kwenye kompyuta ni mwanzo tu wa barafu. Kundi la Princeton likapinga, na pande zote mbili zikatumia modeli ile ile ya maji na kupata majibu tofauti. Ukweli ulijitokeza mwaka 2018, baada ya programu za upande mmoja kufunguliwa na kukaguliwa, na kosa likapatikana ndani ya programu ya waliokana. Somo la mkasa huo nalichukulia kwa uzito: katika eneo hili mtu mwenye akili timamu na vifaa bora anaweza kuiona fuwele mahali pasipo na fuwele, na mwingine akaikosa ilipo.

FUNDI: Basi niache fuwele. Nitazame msongamano. Maji yakiwa barafu ujazo unabadilika. Risasi ikiyeyuka ujazo unabadilika. Waandishi wa 2013 wenyewe wanasema hawakuona mruko wowote wa msongamano. Mwalimu, umewahi kuona wapi mpito wa daraja la kwanza usiobadilisha ujazo?

MWALIMU: Tuwaeleze kwanza wasomaji hilo daraja la kwanza.

FUNDI: Kimiminika kinaweza kubadilika kwa mteremko au kwa ngazi. Kwenye mteremko kila digrii inakuja na badiliko dogo, na hakuna mahali unapoweza kusimama ukasema hapa ndipo mpaka. Kwenye ngazi kuna halijoto moja ambapo nishati, na kwa kawaida ujazo pia, vinaruka kwa mkupuo. Kuna joto fiche la kulipa ili kuvuka, na wakati wa kuvuka hali zote mbili zinakuwapo pamoja, bega kwa bega. Hilo ndilo daraja la kwanza. Mimi ninachokiona kwenye Vitreloy ni mteremko mkali.

MWALIMU: Waandishi wenyewe waliuita mpito dhaifu wa daraja la kwanza, na neno dhaifu walilitia kwa makusudi. Lakini kuhusu ujazo, hebu tufuate kanuni ya Clausius na Clapeyron, ambayo ina zaidi ya karne moja na nusu. Inasema kwamba halijoto ya mpito husogea ukiongeza kanieneo, na kasi ya kusogea ni badiliko la ujazo likigawanywa kwa badiliko la entropia. Mpito wa ngazi unahitaji entropia iruke. Ujazo unaruhusiwa kukaa palepale. Kilichobadilika kinaweza kuwa ni nani amekaa karibu na nani, ilhali nafasi wanayoikalia wote ni ile ile.

FUNDI: Inaruhusiwa na kanuni. Sijauliza kama inaruhusiwa.

MWALIMU: Subiri, sijamaliza. Kama ujazo haubadiliki, kanuni hiyo hiyo inatoa utabiri unaoweza kukosolewa: iminye aloi kwa nguvu, na halijoto ya mpito karibu isisogee kabisa. Ikisogea sana, madai ya 2013 yana kasoro mahali. Hoja inayojiweka mahali pa kupigwa si hoja ya kukwepa.

FUNDI: Hapo umenipa kitu. Tutarudi kwenye kuminya, maana nina tatizo nako. Lakini kabla ya hapo, hoja yangu kubwa ni aloi yenyewe. Ina elementi tano.

MWALIMU: Najua unakokwenda.

FUNDI: Naenda kwenye kutengana. Mwaka 1996 Schneider, Thiyagarajan na Johnson waliichunguza Vitreloy 1 kwa mtawanyiko wa nyutroni, wakakuta kwamba karibu na halijoto ya kugeuka kioo inatengana: sehemu hii inabeba zaidi ya elementi hizi, sehemu ile zaidi ya zile. Sasa, kimiminika kinachotengana kikemia kina joto la kutoa, kina muundo unaobadilika, na kina uzito wa kurudi nyuma kwa njia tofauti. Kila ulichokitaja nakipata, na nakiita kutengana. Hakuna kimiminika cha pili cha muundo ule ule wa kemia.

MWALIMU: Unatofautisha sana kati ya kutengana na kugeuka.

FUNDI: Lazima nitofautishe.

MWALIMU: Kanuni ya Gibbs haikuruhusu kutofautisha kiasi hicho. Chukua elementi tano, kanieneo moja. Kama kweli kuna vimiminika viwili vya muundo tofauti vinavyokutana, hakuna sababu ya vyote viwili kuwa na kemia sawasawa. Kimoja kitapenda berili zaidi, kingine shaba, kwa kuwa kila muundo una nafasi zake na kila atomu ina ukubwa wake. Atomu zikipewa muda wa kutembea, zitahamia. Kwa hiyo kutengana kulikokutwa mwaka 1996 kunaweza kuwa ni matokeo ya miundo miwili kuwapo, hakuthibitishi kwamba haipo.

Nataka kusimama hapa, kwa sababu ndipo ninapoona mjadala wote umelala. Fundi anasema kemia, Mwalimu anasema muundo, na ndani ya aloi ya elementi tano maneno hayo mawili hayatenganishiki kwa kisu. Ukibadilisha jirani wa atomu umebadilisha muundo. Ukibadilisha jirani kutoka shaba kuwa nikeli umebadilisha na kemia. Anayetaka kuutenga mmoja na mwingine hana budi kutoka kwenye aloi na kwenda kwenye elementi moja tupu. Mwalimu alilijua hilo kabla yangu.

MWALIMU: Kwa hiyo twende kwa elementi moja. Chukua salfa, ile ya shuleni. Iweke kwenye neli ya majaribio, iyeyushe taratibu. Ikifika kama nyuzi 119 za Selsiasi ni majimaji ya njano yanayotiririka kirahisi. Endelea kupasha. Ikipita nyuzi 159 inaanza kuwa nyekundu ya kahawia, na inakuwa nzito kiasi kwamba ukiinamisha neli haimwagiki. Hebu tafakari: umeipasha moto na imekuwa nzito. Pete za atomu nane nane zimefunguka, zimeungana kuwa minyororo mirefu. Salfa ni ile ile, hakuna elementi ya pili ya kutengana nayo, na kimiminika ni kingine.

FUNDI: Lakini hiyo ya nyuzi 159 si ngazi.

MWALIMU: Si ngazi, kweli. Ngazi ilipatikana mwaka 2020, salfa ikiwa imeminywa na kupashwa huko Grenoble, Ufaransa: Henry, Mezouar na wenzao waliona msongamano ukiruka ghafla kutoka kimiminika kimoja hadi kingine, na wakaona pia mahali ngazi inapoishia na kuwa mteremko. Kabla yao, mwaka 2000, Katayama na wenzake wa Japani waliikuta ngazi kwenye fosforasi, karibu na gigapaskali moja. Na mwaka 2004 wakapiga picha za eksirei zinazoonyesha sura mbili za fosforasi zikiwa pamoja, matone ya moja ndani ya nyingine. Umesema ngazi ni lazima ionyeshe hali mbili bega kwa bega. Picha hizo hapo.

FUNDI: Picha hizo nazikubali bila kinyongo. Ila Mwalimu, fosforasi na salfa ni viumbe vya vifungo. Fosforasi nyeupe ina molekuli za atomu nne, salfa ina pete. Kuna kitu cha kuvunja. Metali haina molekuli. Atomu zake zinaelea katika bahari ya elektroni, kila moja ikijisukuma mahali popote penye nafasi. Ukimwaga gololi kwenye ndoo, zitajipanga kwa namna ngapi?

MWALIMU: Swali hilo aliliuliza Charles Frank wa Bristol mwaka 1952, na jibu lake lilikuwa la kushangaza. Zungushia atomu moja majirani kumi na wawili. Unaweza kuwapanga kama fuwele inavyowapanga. Lakini kuna mpango mwingine wenye nishati ndogo zaidi kwa kundi hilo dogo: ikosahedroni, umbo la nyuso ishirini, lenye ulinganifu wa tano tano. Na ulinganifu wa tano hauwezi kurudiwa ukajaza nafasi yote bila kuacha mapengo. Kwa hiyo kimiminika kinapenda mpangilio ambao fuwele haiwezi kuutumia, na ndiyo sababu metali safi zinaweza kupozwa chini sana ya kiwango chao cha kuganda bila kuganda, jambo ambalo Turnbull alilionyesha kwa matone ya zebaki. Mwaka 2003 Kelton na wenzake waliushika mpangilio huo kwa eksirei ndani ya tone linaloelea la titani, zirkoni na nikeli. Metali haina molekuli, lakini ina mazoea ya kukaa.

FUNDI: Mazoea yanaongezeka kidogo kidogo kadiri inavyopoa. Huo ni mteremko.

MWALIMU: Yanaweza kuongezeka kidogo kidogo. Yanaweza pia kufika mahali makundi hayo yakagusana na kuungana kuwa mtandao, na mtandao ukifunga, kimiminika chote kinakuwa kigumu kutembea. Pale ndipo kilele cha joto kinapotokea. Na kama unataka metali tupu yenye ngazi, kuna seri. Ikiwa yabisi kwenye joto la kawaida, ukiiminya kidogo chini ya gigapaskali moja, ujazo wake unasinyaa ghafla kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu elektroni zake za ndani zinaachia atomu moja na kwenda kushirikiwa. Mwaka 2007 Sheng na wenzake walikuta kioo cha seri na alumini kikifanya vivyo hivyo chini ya kanieneo, kioo kwenda kioo. Mwaka 2013 kundi lililokuwa na Cadien na Sheng likaripoti ngazi ndani ya seri iliyoyeyuka. Metali, elementi moja, haina molekuli.

FUNDI: Seri ni kesi ya elektroni. Zirkoni na shaba hazina elektroni za namna hiyo.

MWALIMU: Hazina. Lakini hoja yako ya gololi ilikuwa kwamba metali haiwezi.

FUNDI: Ndivyo ilivyokuwa, na hiyo "haiwezi" naifuta. Ninachobaki nacho ni kwamba seri kuweza hakuifanyi Vitreloy iwe imefanya.

Hilo ni jibu la haki, na napenda wasomaji walipime bila haraka. Ushahidi wa salfa, fosforasi na seri unavunja hoja kwamba kimiminika cha elementi moja lazima kiwe na sura moja. Hauvuki hapo. Kila mara ninaposoma makala inayoorodhesha maji, salfa na fosforasi kisha ikateleza moja kwa moja hadi kwenye aloi kana kwamba kesi imeamuliwa, naona mwandishi amekopa uthibitisho wa jirani.

MWALIMU: Sasa niambie wewe, kama mtu wa tanuru. Tukiacha jina, unafanya nini na habari hizi?

FUNDI: Ninazitumia kila siku, na wala sihitaji jina. Kabla ya kumimina aloi ya zirkoni kwenye kalibu, naipasha juu kuliko inavyohitaji kuyeyuka. Nikiishia pale inapoyeyuka tu, inaingia kwenye kona nyembamba za kalibu kwa shida na fuwele zinaota mapema. Nikivuka kizingiti, inatiririka na nina muda zaidi. Ila nikizidisha, zirkoni inaanza kula chungu na oksijeni inaongezeka. Dirisha ni dogo.

MWALIMU: Basi jina lina faida moja kwako. Kama ni punje zinazoyeyuka, dawa yako ni usafi: nunua zirkoni safi zaidi, pata ombwe bora, na kizingiti kitashuka. Kama ni mpito wa kimiminika chenyewe, unaweza kununua zirkoni safi kuliko zote duniani na kizingiti kitabaki palepale, kwa sababu ni tabia ya aloi. Unachotakiwa kufanya ni kubadili mchanganyiko wa aloi, si usafi wake.

FUNDI: Hiyo ndiyo hoja bora uliyoisema leo. Na inaweza kupimwa: aloi ile ile, viwango vitatu au vinne vya oksijeni, tuone kama kizingiti kinasogea.

MWALIMU: Na kuminya?

FUNDI: Hapo kuna tatizo nililokuambia. Tone linaloelea kwa umeme linataka ombwe. Kuminya kunataka kulifunga ndani ya kitu. Ukichagua usafi, umekosa kanieneo. Ukichagua kanieneo, umerudi kwenye chungu, na chungu ndicho tulichokikimbia. Tena kumbuka berili. Vumbi na moshi wake vinaua mapafu, na maabara nyingi hazitaki hata kuigusa. Ndiyo maana vipimo vya Vitreloy 1 vinarudiwa na watu wachache kuliko inavyofaa.

MWALIMU: Basi tuache zirkoni. Kuna aloi za kioo za dhahabu, paladi na platini, ambazo oksijeni hazina habari nayo. Mwaka 2018 Hechler, Gallino na wenzao walichunguza kioo cha dhahabu, shaba, fedha, paladi na silikoni kwa vipimo vya joto na kwa eksirei zinazofuatilia mwendo wa atomu, na wakaripoti dalili za mpito wa namna hii karibu na halijoto ya kioo. Dhahabu unaweza kuifunga ndani ya kitu na kuiminya bila kuogopa kutu.

FUNDI: Ina elementi tano vilevile.

MWALIMU: Ina tano. Lakini oksijeni imetoka kwenye orodha ya washukiwa, na hiyo si haba.

FUNDI: Nakubali. Basi masharti yangu ni haya. Iminyeni ya dhahabu, muone kama halijoto ya mpito inasogea au inakaa, na mpime ujazo kwa wakati mmoja. Vikienda pamoja kama Clapeyron anavyodai, nitasogea hatua kubwa upande wako. Halafu mniletee picha ya vimiminika viwili vikiwa pamoja katika aloi moja, kama ile ya fosforasi. Na mseme kila kimoja kina kemia gani.

MWALIMU: Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana matone hayo yanaweza kuwa ya nanomita chache tu.

FUNDI: Najua ni gumu. Ndiyo maana nimelitaja.

Upande wangu, basi. Kwamba Vitreloy 1 iliyoyeyuka inabadilisha muundo wake wa ndani, na kwamba badiliko hilo si makombo ya fuwele, nadhani vipimo vya tone linaloelea vimelithibitisha vya kutosha, na anayeendelea kutaja chungu ana deni la kueleza tone lisilo na chungu. Kwamba badiliko hilo ni mpito wa daraja la kwanza kati ya hali mbili, hapo bado. Kilele cha uwezo wa kumeza joto kinaweza kutoka kwenye ngazi ndogo, na kinaweza kutoka kwenye mteremko mkali ulio karibu na ncha ya ngazi, na kwa tone moja dogo linalopoa haraka ni vigumu kuviachanisha. Fosforasi ilistahili jina hilo mwaka 2004, matone yalipoonekana. Aloi nazo zipimwe kwa kipimo kicho hicho, na kama kazi ya kuminya aloi za dhahabu ikifanywa kwa uangalifu anaoutaka Fundi, sioni sababu ya jibu kuchukua miaka mingine ishirini.